Seremala, Askari, Babu: Kumkumbuka Mzee Mmoja wa Ufipa

Katika parokia zetu za Ufipa, kabla ya jeneza kutolewa kanisani, husomwa wasifu wa marehemu. Msomaji, mara nyingi mjukuu aliyesoma au mtoto wa kaka, husimama na karatasi moja iliyochanwa katika daftari. Tunasikia mwaka wa kuzaliwa, kigango alikobatizwa marehemu, ndoa yake, kazi aliyoifanya, maradhi yaliyomsumbua, na idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu. Kisha tunaimba na kuelekea makaburini. Karatasi ile haionekani tena.

Tulipomzika mzee mmoja wa kigango chetu, karatasi ilisema mambo matatu: alikuwa seremala, alishiriki vita vya Kagera, na ameacha wajukuu kumi na tisa. Hatumtaji jina hapa, kwa sababu hakuwa mtu wa kujitangaza, na kwa sababu karibu kila kigango cha Rukwa kina mzee kama yeye. Tunataka kukaa kidogo na kila moja ya mambo hayo matatu. Nyuma ya kila moja ipo historia ndefu ya watu wetu, na wenye kuijua wanaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati vita vya Kagera vinaanza, leo ni mzee aliyepita miaka 65. Hatuna muda mrefu wa kumuuliza.

Seremala

Ufundi haukuanza Ufipa siku walipofika wamisionari. Wazee wetu walikuwa wahunzi. Katika uwanda wetu bado yapo mabaki ya malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambamo waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa ya miti ili wapate majembe na mashoka. Milansi, makao ya kale ya utawala wa Wafipa, inakumbukwa katika masimulizi kuwa mahali pa watawala wahunzi. Hata kilimo chetu kilikuwa cha ufundi. Uwanda wa juu una nyasi nyingi kuliko miti, hivyo wakulima walizifukia nyasi chini ya vilima vidogo vya udongo, ntumba, zioze ziwe mbolea ya mazao ya mwaka uliofuata. Mbao ngumu zilitafutwa mbali, kwenye miteremko na katika misitu ya miombo upande wa Mpanda.

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka mwambao huo imani ilipanda hadi uwandani. Pamoja na mapadre walikuja mabruda, watawa wasio mapadre, na wengi wao walikuwa mafundi. Kanisa halingeweza kungoja madirisha kutoka Ulaya, wala altare haikuweza kubebwa kichwani kutoka pwani. Ilibidi matofali yachomwe hapa hapa, na mbao zipasuliwe hapa hapa. Ndivyo vijana waliokuja kujifunza katekisimu walivyojikuta wakijifunza pia kushika randa, kupima kwa skwea, na kuingiza ulimi wa ubao mmoja katika tundu la mwingine hata viungo vikae bila msumari.

Mtu mmoja wa Karema ya zamani tunamjua sote. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, na hakuondoka tena hadi alipofariki mwaka 1956. Leo hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Jina lake tunalo kwa sababu kuna walioliandika. Waliotengeneza vitanda walivyolalia wagonjwa wake nao walimtumikia Kristu katika wagonjwa wale wale, lakini majina yao hayasomwi popote.

Babu tunayemkumbuka aliupokea ufundi kutoka kwa mzee aliyefundishwa misioni. Alianza kufanya kazi kwa mikono yake katika miaka ambayo kazi ilikuwa tele. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulianzishwa na Sumbawanga ikawa makao makuu. Katika miaka hiyo hiyo watu walihamia vijiji vya ujamaa, na mwaka 1977 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nyumba mpya zilitaka milango, ofisi zilitaka meza, madarasa yalitaka madawati. Alikuwa na msumeno, patasi tatu, nyundo, timazi, na randa ya mbao iliyong'aa pale kiganja kilipokuwa kikiishika. Kwa wanafunzi wake alirudia neno moja: ubao ukishakatwa haurefuki. Aliyekata kwa haraka alipewa kazi ya kuokota maranda hadi jioni.

Tunaposoma katika karatasi ya msiba kwamba mtu alikuwa seremala, tusidhani limesemwa jambo dogo. Watu wa Nazareti walidhani hivyo. Walipomsikia Yesu akifundisha katika sinagogi walishangaa, kisha wakamdharau, kwa sababu walimjua kuwa seremala na mwana wa seremala (Mk 6:3, Mt 13:55). Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani, Bwana wetu alijulikana kijijini kwao kwa kazi ya mikono. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili siku ya wafanyakazi iwe pia siku ya yule aliyemlea Mwokozi kwa jasho la karakana. Yosefu hana hata neno moja lililoandikwa katika Injili. Tunamjua kwa aliyoyatenda.

Askari

Wafipa tunasifiwa kuwa watu wa jembe na wa amani. Hata hivyo, katika karne ya ishirini vita vitatu vikubwa viliwachukua wazee wetu.

Vya kwanza ni vile vya 1914 hadi 1918. Wajerumani walikuwa na kituo chao cha kijeshi kusini mwa ziwa, Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Mwezi Juni 1916 kilitekwa na majeshi ya upande wa Waingereza yaliyotoka Rhodesia Kaskazini. Vita hivyo vilitaka bunduki, lakini zaidi vilitaka migongo. Barabara hazikuwapo na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, hivyo kila gunia na kila sanduku la risasi lilibebwa na mtu. Katika Afrika Mashariki yote wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia, si mbali na mpaka wetu. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Hata hapo kifo hakikukoma, kwa sababu homa kuu ya mafua iliwakuta wapagazi na askari wakiwa wamekwisha kudhoofika.

Ukisimama mbele ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, unamwona askari peke yake na bunduki yake. Nairobi, mwaka uliofuata, sanamu ya mpagazi iliwekwa pamoja na za askari. Sanamu hizo ziliwekwa kwa heshima ya maelfu, na hazina jina la hata mmoja wao.

Vya pili ni vita vya 1939 hadi 1945. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Abisinia, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapita bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya masika na malaria, hadi wakauvuka mto Chindwin. Wapo waliorudi wakiwa wamejifunza udereva, ujenzi au useremala jeshini, wakafungua karakana kwenye vijiji vyao.

Vya tatu ndivyo vya Babu yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini mwa mto Kagera ni mali yake. Daraja la Kyaka lilibomolewa. Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kwamba adui atapigwa, na kwamba sababu, uwezo na nia tunavyo. Mgambo waliitwa kutoka mikoani, na jeshi likakua hadi kuzidi watu 100,000. Babu aliacha benchi la kanisa likiwa halijapigwa msasa. Alikwenda kwa lori hadi Mpanda, kwa treni hadi Tabora na Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikamalizika mapema Juni. Wenzake ambao hawakurudi wamelala Kaboya, mkoani Kagera, na wengine mbali zaidi.

Mkristo anapaswa kusema nini juu ya askari? Yohane Mbatizaji, askari walipomuuliza wafanye nini, aliwakataza dhuluma na kuwaagiza watosheke na mishahara yao (Lk 3:14). Mpagani ambaye Petro alitumwa kuingia nyumbani mwake na kumbatiza alikuwa akida wa jeshi, Kornelio (Mdo 10). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwahimiza wanaolitumikia taifa jeshini wajione kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na ukasema kwamba wakiutimiza vema wajibu huo wanachangia amani. Hati hiyo hiyo inalaani vikali vita vya kuangamiza miji na watu. Kanisa halisherehekei vita, wala halimtupi aliyeitwa kuilinda nchi yake.

Ng'ambo ya ziwa letu upo mfano wa zamani. Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa ofisa katika jeshi la Papa, alifika Mpala mwaka 1887 kuwakinga wanavijiji dhidi ya wavamizi wa biashara ya utumwa. Vita hivyo vilipokwisha hakurudi kwao. Alioa huko, akalea watoto, akawafundisha watu dini, akazeeka na kufariki huko huko mwaka 1927. Miaka aliyoishi baada ya bunduki ni mingi kuliko ile ya mapigano, na ndiyo iliyoonyesha alikuwa akipigania nini.

Ndivyo tunavyopenda kumtazama Babu. Karatasi ilisema kwamba alishiriki vita vya Kagera, nasi kwa miaka yote hatukujua zaidi ya hapo. Katika sala za jumuiya, ilipofika zamu yake ya kutoa nia, aliombea daima kitu kile kile: wale tusiojua majina yao. Tulidhani anawasemea marehemu waliosahauliwa, kama tufanyavyo Novemba. Alieleza maana yake mara moja tu, katika ugonjwa wake wa mwisho, kwa wajukuu wawili waliokuwa wakimuuguza.

Alisema kwamba ndani ya Uganda aliwekwa katika kundi la kuzika maiti. Kijana mmoja wa upande wa Amin alikuwa na rozari shingoni. Wenzake wakamwambia, wewe si fundi, basi mfanyie msalaba. Akachukua vipande viwili vya mbao za sanduku la risasi, akavifunga kwa waya, akausimamisha msalaba juu ya udongo. Alitaka kuandika jina akakosa la kuandika, kwa kuwa kijana hakuwa na karatasi yoyote. Tangu siku hiyo alimsalia fungu moja la rozari kila jioni, miaka zaidi ya arobaini.

Hapo ndipo wajukuu walipoelewa desturi yake nyingine. Yeye ndiye aliyetengeneza majeneza na misalaba ya kigango. Msalaba wa kaburi haukutoka karakanani kwake kabla jina halijaandikwa, hata kama wafiwa wameharakisha, hata kama marehemu ni mtoto aliyeishi siku mbili. Kama mtoto hakuwa amepewa jina, aliwaketisha wazazi juu ya benchi na kuwasubiri. Kwa jeneza la mtoto mchanga hakutoza fedha.

Babu

Jambo la tatu katika karatasi lilikuwa idadi ya wajukuu. Kumi na tisa. Idadi hiyo haikusema kwamba wanne kati yao aliwalea yeye na Bibi tangu wadogo, kwa sababu wazazi wao walifariki katika miaka ambayo ugonjwa wa UKIMWI ulipunguza watu wa makamo katika familia nyingi. Wazee waliodhani wamemaliza kulea walianza upya, wakatafuta sare za shule katika umri wa kupumzika.

Babu aliwalea kwa utani na kwa kazi. Wajukuu wa kike aliwaita wake zake, na wa kiume aliwalalamikia kuwa ni waume wenzake wanaotaka kumwibia Bibi. Asubuhi za Juni, baridi ya Ufipa inapouma hata vidole havikunjiki, aliwasha moto wa maranda mlangoni mwa karakana, wajukuu wakaota kabla ya kwenda shule. Walijifunza kuhesabu kwa futikamba yake. Waliposhika upande wa pili wa uzi wa kupigia mstari, aliwaambia kwamba ukilegea wewe, ubao mzima umepinda. Wawili kati yao ni maseremala leo. Mjukuu mmoja wa kike ni mwalimu, na meza anayoandalia masomo yake ilitoka kwa Babu.

Maandiko yanawapa wazee nafasi hiyo. Yakobo, macho yakiwa mazito kwa uzee, aliwaita wana wa Yosefu karibu yake, akawabusu, akawawekea mikono kichwani na kuwabariki (Mwa 48). Mtume Paulo, alipotaka kuonyesha imani ya Timotheo imetoka wapi, alianza na bibi yake, Loisi (2 Tim 1:5). Katika parokia zetu, muulize katekumeni au mseminari nani aliyemfundisha ishara ya msalaba. Wengi watakutajia babu au bibi.

Kwa Babu huyu, mambo hayo matatu hayakuwa maisha matatu. Mkono ulioshika bunduki ndio uliofunga msalaba wa adui kwa waya, ndio uliopiga randa madawati, ndio ulioshika mkono wa yatima kumpeleka shule. Karatasi iliyatenga kwa nukta na mkato. Tukiyasoma pamoja tunaona mtu aliyeona kijana akizikwa bila jina, akaamua kwamba mbele yake hilo halitatokea tena. Uaminifu wake wa kila siku tunauita imani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa kusema ni kazi tu.

Wiki moja ya Julai

Kalenda yetu inatupa nafasi ambayo tumekuwa tukiipita. Tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku inayofuata, tarehe 26 Julai, Kanisa huwakumbuka Watakatifu Yoakimu na Ana, babu na bibi wa Bwana wetu Yesu Kristu. Na Jumapili ya nne ya Julai, kwa agizo la Papa Fransisko tangu mwaka 2021, ni siku ya kuwaombea mababu, mabibi na wazee wote duniani. Askari na babu wanakumbukwa karibu katika wiki moja. Katika wazee wetu wengi ni mtu mmoja.

Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ifanye jambo moja katika wiki hiyo. Waende vijana wawili kwa mzee aliyepigana au aliyefanya kazi ya mikono kwa ajili ya kanisa, wakiwa na daftari. Wamsalimie, wamsaidie kazi iliyopo kwanza, kisha waulize. Ulifundishwa kazi na nani? Mlipita njia gani kwenda vitani? Nani hakurudi? Benchi gani la kanisani umelitengeneza wewe? Asipotaka kujibu jambo fulani asilazimishwe, kwa maana mengine ni ya kitubio na mengine yana maumivu. Atakayoyasema yaandikwe akiwa hai, yasomwe mbele yake ayasahihishe, na nakala moja itunzwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa. Siku atakapotuaga, wasifu wake utakuwa tayari, na utakuwa umetoka kinywani mwake.

Na pale parokia inapobadilisha mabenchi ya zamani kwa mapya, tuyageuze kwanza chini juu kabla ya kuyapasua kuni. Chini ya benchi lile aliloliacha bila msasa mwaka 1978, na kulimalizia aliporudi, kuna majina kumi na moja yaliyochongwa kwa patasi. Ni ya vijana wa kata yetu walioondoka pamoja naye. Saba yana msalaba mdogo pembeni. Tumeyanakili, na Misa ya tarehe 25 Julai sasa tunawaombea kwa majina.